Usiku ambao "Soul Makossa" haikupigwa

"Mamako, mamasa!"

Aliyeanzisha ni jamaa mmoja wa meza ya mbele, mwenye shati la kitenge. Meza ya pili ikadakia, wa nyuma wakapokea, na mara ukumbi mzima ukawa unaimba huku watu wakipiga meza kwa viganja. Mpuliza saksafoni alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, kichwa kimeinama, anarekebisha mkanda wa shingoni. Akasubiri. Makelele yalipopungua akaunyanyua mdomo wa bata wake na kuanza wimbo wa taratibu, sauti za chini kabisa, wimbo ambao ungeweza kuimbwa kanisani Jumapili asubuhi. Ulipokwisha akawainamia watu, akawataja wenzake wa besi, kinanda na drams, akashuka.

Ilikuwa Machi, kwenye ukumbi mdogo wa Kinondoni, na bango la mlangoni lilisema usiku huo ni wa kumuenzi Manu Dibango, mpuliza saksafoni wa Kameruni aliyetuachia maneno hayo ya "mamako, mamasa" katika wimbo wake "Soul Makossa".

"Soul Makossa" haikupigwa.

Wakati tunatoka nilimsikia mama mmoja akimwuliza mwenzake, kwa uchungu wa mtu aliyelipa kiingilio: "Sasa huyu kijana kamuenzi nani?"

Wiki zimepita na swali la mama yule halijaniachia. Nimelala nalo, nimepanda nalo mwendokasi, nimelibishania nyumbani mpaka chai ikapoa. Leo naliandika.

Kibao cha marehemu

Niseme wazi kwamba mama yule ana hoja. Kwetu, bendi ikitangaza usiku wa kumkumbuka mwanamuziki, kuna kibao ambacho hakijadiliwi. Umkumbuke Marijani Rajab bila "Zuwena"? Umkumbuke Remmy Ongala uache "Kifo"? Watu wangegoma kutoka ukumbini, na wangekuwa na haki, maana kibao kile ndicho kilichomwingiza marehemu sebuleni kwao. Msikilizaji naye ana sehemu yake katika wimbo. Kauoea, kauzikia, kausikia redioni mama yake akichambua mchele. Anapolipa kiingilio usiku wa kumbukumbu, anadai chake.

Kwa Manu Dibango dai hilo lina uzito zaidi, kwa sababu hatukumuaga. Alifariki Ufaransa tarehe 24 Machi 2020, kwa korona, akiwa na miaka 86. Siku chache kabla yake alikuwa ametangulia Aurlus Mabélé, mwimbaji wa soukous kutoka Kongo-Brazzaville. Kumbi zilikuwa zinafungwa, ndege zinasimama, na mazishi ya Dibango yakabaki ya familia peke yake. Mtu aliyesimama mbele ya umati kwa zaidi ya miaka 60 akazikwa bila umati. Mashabiki tukabaki kutumiana video kwenye simu na kuandika "pumzika kwa amani" chini yake.

Kwa hiyo waliokuja Kinondoni walikuja na msiba ambao haukupata matanga. Walitaka kuimba pamoja.

Na kijana akawanyima.

Upande B

Nilichofanya kwanza ni kuurudia wimbo wenyewe na namna ulivyozaliwa.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano ya 8. Dibango alitunga wimbo wa mashindano, ukawekwa upande A wa santuri. Upande B akaweka "Soul Makossa". Wenyeji wakatolewa nusu fainali na Kongo-Brazzaville, ambao ndio waliobeba kombe, na wimbo wa upande A ukazimika pamoja na shangwe za Yaoundé. Upande B ukavuka bahari. Pale New York, David Mancuso, aliyekuwa akichezesha santuri kwenye tafrija za nyumbani kwake, aliipata nakala katika duka la Wakaribi huko Brooklyn. Akaipiga, watu wakaitaka irudiwe. Mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni. Nakala zilikuwa haba mno, hivyo bendi nyingine zikakimbilia studio kupiga kopi kabla kampuni ya Atlantic haijaileta ya mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 1973 ya Dibango ilifika nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya Billboard, jambo ambalo wanamuziki wa Afrika wakati ule hawakuwa wamelizoea.

Kisha yale maneno yakaanza kutembea bila mwenyewe. Michael Jackson aliyaweka mwishoni mwa wimbo unaofungua albamu yake ya mwaka 1982, "Thriller". Dibango akadai haki yake, wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna naye akayatumia, na mwaka 2009 mzee wa miaka 75 akaenda tena mahakamani, Paris, kudai kitu kile kile.

Hapo ndipo niliposimama.

Nilikuwa nimeisoma habari hii kama habari ya wizi na fidia, kama tunavyoisoma wengi. Safari hii nikaona jambo jingine. Yale maneno yalipofika kwa Jackson na Rihanna, saksafoni ya Dibango haikwenda nayo. Walichukua "mamako mamasa", wakaacha pumzi. Niliwauliza vijana wa kazini kwangu, wote wakaimba papo hapo, tena kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenye maneno hayo alikuwa mpuliza saksafoni.

Swali la mama wa mlangoni likanigeukia vibaya. Tukiimba "mamako mamasa" usiku kucha, tunamuenzi nani?

Kilo 3 za kahawa

Dibango alizaliwa Douala tarehe 12 Desemba 1933, akakulia kwenye uimbaji wa kanisa la Kiprotestanti, mama yake akiwa kwenye kwaya. Mwaka 1949 baba yake alimpandisha meli kwenda kusoma Ufaransa. Alikuwa na miaka 15. Mzigoni alikuwa na kilo 3 za kahawa, malipo ya kuanzia kwa familia ambayo ingemhifadhi katika mji mdogo wa Saint-Calais. Ufaransa ilikuwa imetoka vitani, kahawa ni mali. Hata kitabu cha maisha yake kinaitwa kwa kilo hizo 3.

Msomaji wa Moshi au Bukoba hahitaji kuelezwa kahawa inavyomsomesha mtoto, wala anavyojisikia mtoto huyo akipata sifuri.

Na Dibango alipata sifuri. Huko Ufaransa alikutana na Francis Bebey, Mkameruni mwenzake aliyemzidi umri kidogo, ambaye alimwonjesha jazz. Akaazima saksafoni ya rafiki. Mtihani wa mwisho wa sekondari ukamshinda, baba akakata pesa, na mwaka 1956 akahamia Brussels kupiga kwenye klabu za usiku ili apate kula. Pale ndipo, mwaka 1960, alipokutana na mwimbaji wa Kongo, Joseph Kabasele, na bendi yake African Jazz. Kongo ilikuwa inapata uhuru wake na Brussels imejaa Wakongo. Kabasele akamchukua, wakarekodi, na mwaka 1961 akaenda naye Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa.

Sehemu hii ya maisha yake hutajwa kwa sentensi moja, nami naona ndiyo inayotuhusu kuliko zote. Muziki uliotoka Léopoldville miaka ile ndio uliofundisha bendi zetu za dansi namna ya kupanga magitaa na midomo ya bata. Dibango hakuwa mgeni wa mbali kwetu. Alikuwa ndani ya chungu ambacho na sisi tulipakuliwa.

Kijana wa Kinondoni alipiga vibao viwili vya enzi hizo. Nakumbuka watu waliinuka kwenda kuagiza vinywaji.

"Mwimbaji asiye na maneno"

Nilimtafuta. Wapuliza saksafoni wa Dar wanajuana, haikuchukua muda. Jina lake siliandiki, maana anaishi kwa kuitwa kazini na sitaki maneno yake yamkoseshe wito.

Tulikutana Sinza katikati ya wiki, siku ambayo hana harusi. Alianzia kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wa kwao, Kilutheri, Kilimanjaro. Saksafoni ilikuja baadaye, ya mkono wa pili, aliyoilipia kidogo kidogo. Kula yake sasa ni harusi. MC humwita bibi harusi anapoingia, humwita tena keki inapokatwa. Anakwenda na flashi yenye midundo ya Bongo Fleva, na juu ya mdundo yeye hupuliza sauti ya mwimbaji, neno kwa neno, ili watu waimbe.

"Dada, pale mimi ni mwimbaji asiye na maneno," aliniambia. "Watu wanasikia wimbo wanaoujua. Saksafoni hawaisikii. Wanaipiga picha."

Nikamwuliza kwa nini aliwanyima.

"Ningeipiga ile, ukumbi ungeimba mwanzo mpaka mwisho. Raha tupu, na wangenitunza vizuri. Lakini Mzee Manu wangemsikia saa ngapi?"

Halafu akafungua boksi. Alilowanisha kile kijimwanzi chembamba kwa ulimi, akakibana chini ya mdomo wa chombo, akakaza skrubu mbili, kisha akapuliza noti moja ya chini kwa nguvu ndogo sana. Kwanza ilitoka hewa peke yake. Ikafuata mikwaruzo. Noti ikaja ya mwisho, nene, na hata ilipokuja ile hewa haikuondoka, ilibaki pembeni yake. Chini ya vidole vyake vifuniko vya shaba vilisikika vikigonga.

"Hiyo hewa," akasema. "Sisi tunafundishwa kuificha. Mzee aliiacha."

Nilirudi nyumbani nikasikiliza santuri za Dibango mpaka usiku wa manane, na nikakubali. Ana sauti ya mtu anayeongea karibu na sikio lako. Hata anapopiga kwa kasi unajua kuna kifua nyuma ya chombo.

Lakini mzee mwenyewe hakuikimbia

Kuna jambo moja nililomkatalia, na bado namkatalia.

Nilimwambia: kaka, Mzee Manu hakuwahi kuuonea haya wimbo ule. Aliupiga uzeeni kama alivyoupiga ujanani. Mwaka 2019, akiwa na miaka 85, bado alikuwa jukwaani na okestra kubwa katika onyesho aliloliita "Safari symphonique". Mtu ambaye aliuandikia wimbo ule barua za madai miaka na miaka alikuwa anaupenda. Mrithi anapata wapi ukali ambao marehemu hakuwa nao?

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimemuudhi.

"Mzee alikuwa na usiku mwingine elfu wa kupiga vingine," akasema. "Mimi nina huo mmoja. Kesho yake nilikuwa na harusi Mbezi."

Sikuwa na jibu.

Jibu hilo lilinionyesha mahali ambapo mimi na mama wa mlangoni hatukuwa tumepafikiria. Tulikuwa tunamhesabia kijana deni lake kwa Dibango na kwetu, tukasahau kuuliza ana nafasi ngapi za kulilipa. Katika mji wa watu mamilioni, mpuliza saksafoni ana jioni ngapi kwa mwaka za kupiga anachotaka? Ukiacha bendi kongwe kama Msondo na Sikinde, ni wapi tena unakuta safu ya midomo ya bata imesimama jukwaani? Kinanda kimeingia, kinaiga tarumbeta kwa kidole kimoja, na mwenye bendi anapunguza mishahara mitatu. Naelewa hesabu. Lakini nimekua nikisikia wapulizaji wakiitikia gitaa la solo, na kinanda hakijawahi kunipa hata robo ya mwitikio ule, kwa sababu hakihitaji kuvuta pumzi. Mpulizaji akimaliza pumzi lazima anyamaze, na ule unyamavu ndio unaompa mpiga gitaa mahali pa kuingia.

Bechet

Katika kusikiliza kwangu nikafika kwenye albamu ambayo sikuwa nimeipa nafasi hapo kabla. Mwaka 2007 Dibango, mwenye zaidi ya miaka 70 na umaarufu wa kutosha, alitoa albamu nzima ya kumuenzi mpuliza saksafoni mwingine: Sidney Bechet.

Bechet alizaliwa New Orleans mwaka 1897 na kufia Ufaransa mwaka 1959. Mei 1949 alipiga kwenye tamasha la jazz Paris, tamasha lile lile walilopiga Charlie Parker na Miles Davis, na baada ya hapo Wafaransa wakamfanya wao. Ni mwaka ule ule ambao kijana wa Douala alishuka melini Marseille na kahawa yake. Hebu fikiria: una miaka 15, uko kwenye mji ambao watu wanageuka kukutazama barabarani, na mwanamuziki ambaye nchi nzima inampenda ni mtu mweusi mwenye saksafoni. Dibango alichelewa zaidi ya nusu karne kusema ahsante, lakini aliisema kwa albamu nzima.

Na Bechet naye alikuwa na wimbo uliommeza. "Petite Fleur" aliutunga mwaka 1952. Uliponguruma Uingereza na Marekani mwaka 1959, waliousukuma kwenye chati ni bendi ya Mwingereza Chris Barber, na chombo kilichoupiga kilikuwa klarineti. Wimbo wa Bechet ulizunguka dunia bila saksafoni ya Bechet, na mwenyewe akafariki mwaka huo huo.

Sijui kama Dibango alikuwa analifikiria hilo alipoingia studio. Mimi nililifikiria. Wapulizaji wawili, kila mmoja na wimbo mmoja uliokwenda mbali kuliko pumzi yake, na wa pili akamrudishia wa kwanza pumzi kwa kuzipiga nyimbo zake kwa saksafoni, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Kijana wa Kinondoni alikuwa ameipiga "Petite Fleur". Ilikuwa ya tatu au ya nne usiku ule. Hakusema neno lolote kabla wala baada yake, na nina hakika wengi ukumbini hawakujua ilihusiana vipi na mtu wa kwenye bango.

Ninachomdai

Hapa ndipo ugomvi wangu naye ulipobaki, na ni ugomvi wa mtu anayemtakia mema.

Angesema. Dakika 2 za maneno kwenye maikrofoni zingetosha: huyu Bechet alikuwa nani kwa Mzee Manu, hivi vibao vya Kabasele vinahusiana vipi na sikio la mzazi wako, na kwa nini leo sitaimbisha. Watu wetu wanasikiliza wakielezwa. Usiku wa kumbukumbu una haki ya kuwa na msimulizi, kama msiba wowote ulivyo na mtu wa kusoma wasifu wa marehemu. Alituletea ibada nzima akaacha wasifu.

Na wimbo aupige. Nimeusikiliza tena upande B ule kwa kufuata saksafoni tu, nikiyaacha maneno yapite. Besi na gitaa vinashika mahali pao na havitoki. Dibango anaongea kwa ile sauti yake ya chini kama mtu anayeegemea ukuta, kisha saksafoni inaingia na kifungu kifupi, kavu, anakirudia, anakirudia tena, halafu anaachana nacho na kuanza kutangatanga juu ya mdundo ambao haumfuati popote. Pale katikati kuna sehemu ambazo Michael Jackson na Rihanna hawakuziazima. Hazikuingia "Thriller". Zimebaki zake.

Hizo ndizo ningependa kuzisikia Kinondoni. Ukumbi uimbe kwanza hadi uridhike, kisha kijana aingie na sehemu ambazo hawawezi kuziimba.

Nilimpigia simu kumweleza hili. Alinisikiliza bila kunikatiza, akasema wazo si baya, ila wimbo ule hataupiga na watu wanne. Anataka tarumbeta, na anataka marimba, kwa sababu Mzee Manu alikuwa pia mpiga marimba na hilo nalo watu wamelisahau. Mpiga tarumbeta amempata kwenye usharika mmoja wa Ubungo. Kwa marimba, Jumamosi ambayo hana harusi anakwenda Bagamoyo kuuliza pale chuo cha sanaa kama kuna kijana anayeweza kukaa na mdundo mmoja bila kuusogeza. Nimemwambia nauli ya daladala kwenda na kurudi ni juu yangu.